Tulivyomshushia Mzee Do

Mzee wangu Mrusi alianza kuwa kiziwi kutokea juu. Walitangulia kuondoka ndege, wale wadogo wanaopiga kelele asubuhi kwenye miti ya Tottenham, kule London, hata wakati wa baridi. Ikafuata filimbi ya birika, kisha kengele ya mlango, kisha simu. Halafu zikaenda sauti za watoto wa ghorofa ya chini. Nilipopelekwa kwake na ejensi ya kutunza wazee, mwishoni mwa miaka ya tisini, zilikuwa zimeanza kuondoka sauti za wanawake, na mimi ni mwanamke, kwa hiyo siku ya kwanza tu tuligombana. Alidhani namnong'oneza kwa dharau. Mimi, ambaye kwetu Tukuyu nilichapwa mara nyingi kwa kosa la kupayuka!

"Ongea kama mtu," aliniambia.

"Naongea kama mtu."

"Eti?"

Nikaishusha sauti yangu mpaka kifuani na kusema tena kwa ule mkoromo wa mjomba wangu mwinjilisti, aliyekuwa akihubiri bila kipaza sauti sokoni. Akanisikia. Akanitazama vizuri kwa mara ya kwanza, akacheka, akanielekeza zilipo chai na jamu. Tangu siku hiyo nikawa naongea naye kwa sauti ya mjomba, na nikirudi nyumbani wenzangu wananiuliza kama nimepata mafua.

Kazi yenyewe ilikuwa ile ambayo wengi wetu tuliifanya miaka ile: kumwamsha mzee, kumwogesha, kumpa uji na dawa, kutandika kitanda, kuondoka, kurudi tena alasiri. Ejensi walikuwa wamenionya kwamba huyu ni mtunzi wa muziki na ni mgumu kidogo. Wenzangu walikuwa wameshamkimbia. Mimi sikimbii ovyo, maana nami ni mgumu kidogo, na watu wagumu huwa tunaheshimiana tukishamaliza kutukanana.

Alikaa juu kabisa katika jengo la kaunseli, yaani la halmashauri ya mtaa, nyuma ya barabara kuu, na piano yake ilikuwa imekimeza chumba cha kukalia. Tuliishi pembeni mwake tu, tukipita kwa ubavu. Kwa kuwa sauti za juu zilikuwa zimemwacha, vibao vya upande wa kulia havikuwa na faida kwake tena, na upande ule wa piano ukageuka meza. Juu ya kifuniko aliweka glasi ya chai, chupa ya jamu, miwani, mkate. Upande wa kushoto ndiko alikobaki akipiga, chini chini, mambo mazito yanayotembea polepole. Alasiri za baridi, giza likianza kuingia mapema kama desturi ya London, na ukungu ukipanda kutoka barabarani hadi dirishani kwetu, nilikuwa nasahau kwamba niko kazini. Nilikulia kwenye ukungu. Tukuyu unaweza kuamka usimwone ng'ombe wako aliyefungwa mlangoni. Basi nilikaa pale na kitambaa cha vumbi mkononi, piano ikinguruma, ukungu ukisogea, na sikuwa na hakika kama dirisha lile linatazama Tottenham au linatazama migomba ya mama yangu.

Siku moja nilitaka kujua anasikia nini hasa. Nilijaza pamba masikioni nikapanda basi. Dunia ikazama. Watu walifungua midomo bila sababu. Msichana mmoja alicheka na simu yake, nikaona meno tu. Kilichobaki ni mngurumo wa injini uliokuwa ukinipanda kupitia miguuni, na chini yake mngurumo mwingine, labda treni za chini ya ardhi, labda damu yangu mwenyewe. Nilipitiliza kituo. Nilipoitoa pamba, kelele zote zilinirudia kwa mpigo na nikatamani kuirudisha, nikaona aibu kwa kutamani hivyo, kwa sababu yeye hakuwa na pamba ya kutoa.

Kule kwao alijulikana, ingawa si kwa namna aliyoitaka. Alijipatia riziki kwa kutunga muziki wa filamu za katuni, na kati ya hizo ilikuwapo moja ya mbuzi aliyekataa shule. Kila mtoto wa nchi ile aliujua wimbo wa yule mbuzi. Alitunga pia makubwa, ya okestra nzima, ya saa nzima, na hayo hakuna aliyeyakumbuka. Alikuja kwetu fundi wa mitambo ya kupasha joto, kijana kutoka kwao, akaona picha ukutani, akaelewa yuko nyumbani kwa nani. Alisimama katikati ya chumba na spana mkononi akaanza kuimba, machozi yakimlengalenga. Mzee aliona mdomo tu.

"Anasema nini huyu?"

"Anaimba, mzee."

"Anaimba nini?"

Nikamrudishia ule wimbo kwa sauti ya mjomba. Akafunika macho kwa kiganja. "Mbuzi," akasema. "Hata huku kanifuata."

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Baadaye nilimwonea huruma, lakini si sana, kwa sababu ule wimbo wa mbuzi ni mtamu kweli, na nilimwambia hivyo.

Ila ulikuwapo wimbo mwingine. Aliuweka ndani ya kabati, katikati ya mashati, na alinionyesha baada ya kuzoeana. Ulikuwa wa kanisa, wa sauti nne, bila chombo chochote, kwa sababu katika kanisa la kwao ala haziingii. Watu husimama kwa miguu yao mwanzo hadi mwisho na kuimba kwa makoo yao basi. Maneno yalikuwa yale yale yanayorudiwa, Bwana utuhurumie. Aliutunga enzi za Wakomunisti, wakati ambapo mtu wa nafasi yake hakutakiwa kabisa kutunga vitu vya kanisa. Yeye na mkewe waliujaribu jikoni huku bomba la maji limefunguliwa ili majirani wasisikie. Mke aliimba sauti ya kwanza, ile ya juu, yeye akaimba besi. Sauti mbili za katikati hakuna aliyewahi kuziimba, maana hawakuthubutu kumwamini mtu mwingine. Kisha mke akafa. Yeye akaondoka nchi ile, akaja huku, akazeeka.

"Nusu yake ndiyo ninayoijua," aliniambia. "Nusu nyingine ipo kwenye karatasi."

Alichokitaka kilikuwa hicho kimoja tu: ausikie wote, sauti zote nne, hata mara moja. Alikuwa ameziandikia kwaya za mjini. Zilimjibu kwa adabu, ile adabu ya Kiingereza inayofunga mlango taratibu mpaka husikii kitasa. Na wakati zinajibu kwa adabu, masikio yake yalikuwa yakiondoka kutokea juu, na huko juu ndiko ilikokuwa sauti ya mkewe. Kila mwezi ulichukua kipande. Nilimwona akigusa vibao vya kulia, akiinamisha sikio, akigusa kimoja cha chini zaidi, akiinamisha tena, akitafuta mpaka wa ukiziwi wake umefika wapi. Sikuweza kumtazama akifanya hivyo. Nilikwenda jikoni kuosha vikombe visafi.

Siku moja nikapiga moyo konde nikamwambia, "Mimi nina kwaya."

Tulikuwa na ibada ya Kiswahili Jumapili mchana, katika ukumbi wa kukodi, baada ya Waingereza kumaliza yao. Wakongo ndio wengi, kisha Wakenya, Warundi, na sisi Watanzania wachache wa kuhesabika. Kwaya yetu ilikuwa nzuri, nasema bila kujisifu, maana mimi ni wa sauti ya pili na sauti ya pili haisifiwi na mtu.

Akanipa zile karatasi. Nikaona mistari mitano mitano, na juu yake viluwiluwi vyeusi vinaogelea. Sikujua hata pa kuanzia. Sisi tumelelewa na sol-fa, zile herufi zinazosimama badala ya do, re, mi, na nukta zake na vistari vyake. Mwalimu anaziandika ubaoni, mnaziimba, mnazishika, ndipo maneno yanafuata. Nikamwambia anipigie sauti moja moja nami nitaziandika kwa namna yetu. Akaondoa chai na jamu, akainua kifuniko. Sauti ya kwanza aliipiga kwa kumbukumbu ya vidole tu.

Nikamsimamisha. "Kwanza nionyeshe do iko wapi."

"Do iko hapa." Akabonyeza kibao kimoja katikati. "Iko hapa tangu nizaliwe."

"Kwenye wimbo huu, nauliza."

"Kwenye kila wimbo!"

Hapo tukagombana tena, ugomvi mzuri wa alasiri nzima. Kwao do ni mahali, na mahali hapahami. Kwetu do ni pale mwalimu wa kwaya anapoiweka siku hiyo. Akina mama wakiwa na mafua, anaishusha. Vijana wakiwa na mori wa Pasaka, anaipandisha. Kwenye karatasi haibadiliki hata herufi moja. Wimbo mzima unahama na fenicha zake. Nilipomweleza, alinitazama kwa hofu ya kweli.

"Mnahamisha wimbo kwa sababu ya mafua?"

"Tufanyeje, tuhamishe mafua?"

Hakucheka. Akaniambia kwamba wimbo huu uko pale ulipo kwa makusudi, kwamba sauti zile kwa kimo kile ndiyo rangi ya jikoni mwao wakati wa theluji, na ukiusogeza hata hatua moja hautakuwa jikoni mwao tena, utakuwa jikoni mwa mtu mwingine. "Bora nisiusikie kabisa," akasema, "kuliko kuusikia mahali pasipo pake." Nikamwita kichwa ngumu. Nilimwita kwa sauti yangu halisi, ya juu, ili nisimuudhi. Kisha nikaandika do yake pale pale alipoitaka, nikaipigia mstari.

Mwalimu wetu wa kwaya alikuwa Mkongo wa Bukavu, mwembamba, mkali, msafisha ofisi za mjini kabla jua halijatoka. Alizipitia karatasi zangu akiimba kwa midomo tu. Kisha akaniuliza:

"Dada, hii wimbo, ngoma yake iko wapi?"

"Haina ngoma."

"Na gitare?"

"Haina."

"Sasa watu watacheza je?"

"Hawachezi. Kwao wanasimama tu, wanaimba."

Akafikiri. "Sasa Mungu atajua je kama tuko?"

Nikamweleza habari za mzee, na jikoni, na bomba la maji. Alinisikiliza huku akizikunja na kuzikunjua zile karatasi.

"Alikimbiaka kwabo?"

"Alikimbia."

"Basi, tutamuyimbia."

Tulijifunza kama tunavyojifunza siku zote, kila sauti na kona yake. Besi waliwekwa jikoni mwa ukumbi, karibu na majiko ya chai. Wanaume wa sauti ya tatu walikuwa kwenye ngazi. Sisi wa sauti ya pili tulijibana kwenye korido penye makoti. Sauti ya kwanza ilibaki ukumbini na mwalimu, kwa sababu kiongozi wao, mama mmoja wa Kenya, hakuaminika kuachwa peke yake. Alikuwa na sauti ya kupasua mawe na alipenda kuongeza mapambo. Nilikuwa nasimama kati ya makoti yenye mvua, nikisikia wimbo wa mzee ukija vipande vipande kutoka kila mlango, hakuna kipande kinachojua mwenzake yuko wapi, na mara nyingine nilifumba macho nikaona kwamba ndivyo ulivyokuwa kichwani mwake miaka yote.

Nilimpelekea habari kila wiki. Akanituma nirudi na neno moja: pumzi. Watu wasivute pumzi pamoja. Wapokezane, mmoja akivuta wengine washikilie, ili wimbo wenyewe usivute pumzi hata mara moja. Mwalimu alilipenda sana neno lile. Akaanza kututisha kwa kidole: nani amevuta na jirani yake? Siku tulipounganisha sauti zote nne kwa mara ya kwanza, wimbo ulianza na haukusimama. Uliendelea tu, bila mshono, na mimi niliyekuwa ndani yake sikuweza kusema ni wakati gani naimba na wakati gani nimenyamaza. Tulipofika mwisho, yule mama wa Kenya akasema, "Woi." Hakuongeza pambo lolote. Nilifurahi mpaka nikaogopa.

Basi Jumapili moja ya baridi kali nikamleta. Alivaa suti iliyonukia dawa ya nondo, akafunga tai, akanyoa mwenyewe na kujikata kidevuni. Ibada ilipokwisha watu hawakuondoka. Walijua kuna mgeni. Tulimkalisha kwenye kiti cha plastiki mbele kabisa, hatua chache tu kutoka kwetu. Mimi nikaingia kwenye mstari wangu, na kutoka pale nilimwona uso wote.

Mwalimu akatoa do, ile ile ya kwenye karatasi, mahali pake. Tukaimba. Tuliimba vizuri kuliko mazoezi yote. Pumzi zilipokezana. Sauti ya kwanza ilipanda, ikakaa huko juu, safi, na watoto waliokuwa wakichezea viti wakatulia. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa na macho yake yakitoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Tulipomaliza, alipiga makofi kwa heshima, kisha akaniita kwa mkono. Nilikwenda nikijua atasema kitu nitakachokikumbuka, na kweli nimekikumbuka.

"Vizuri sana," akasema. "Besi nzuri. Lakini wale akina mama wa mbele, kwa nini hawakuimba?"

Nilitamani kudanganya. Nilitamani kumwambia kwamba wana aibu, kwamba wana mafua.

"Anasema nini?" mwalimu akauliza.

Nikasema. Yule mama wa Kenya akajishika kifua. "Sikuimba? Mimi?" Akataka kuendelea, kisha akamwona mzee anavyomtazama kooni, kwa makini, mtu anayetafuta kitu alichokiweka hapo, na hasira yake yote ikamwishia. Akasema taratibu, "Ghai, baba wa watu."

Mzee naye alishaelewa. Alizisoma nyuso zetu, si sauti zetu. Mikono yake ilianza kupapasa magoti, pale vidole vilipozoea kukuta vibao. Miezi yote ile tulishindana na masikio yake na tulikuwa tumechelewa. Hicho ndicho nilichokiona, na nilikasirika, sijui na nani, nadhani na kila kwaya iliyowahi kumjibu kwa adabu.

Mwalimu hakukasirika. Mwalimu alikuwa akikuna ndevu. "Siye tuko wangapi tulisha yimba na mafua?" akasema. "Tushushe do."

Nikamgeukia mzee. Nilimsemesha kwa sauti ya mjomba, mbele ya kanisa zima. "Wanataka kuuhamisha."

Alijua maana yake. Nilimwona anaijua. Aliwatazama wale akina mama wa sauti ya kwanza, kanga na makoti, viatu vya kazini, mmoja baada ya mwingine. Kisha akainua kidole cha kwanza na gumba, akaacha nafasi nyembamba katikati.

"Kidogo," akasema.

Mwalimu akaguna do mpya, chini ya ile. Tukaimba. Hakuna aliyegeuza karatasi. Mzee aliinamisha sikio, akangoja, akatikisa kichwa. "Tena kidogo." Tukashuka. "Tena." Sasa sauti ya pili tulikuwa tumeshaingia walipo wanaume, tukikoroma, na sauti ya kwanza wamekaa tulipozoea kukaa sisi. Besi walianza kugusa sakafu. Walikuwa na bwana mmoja mkubwa, mlinzi wa duka, fahari ya kwaya. Alibana kidevu shingoni na kilichotoka ni mlio wa kabati linaloburutwa. Watoto wakaangua kicheko, sisi tukaangua kicheko, hata mzee.

"Tena," akasema mzee, akifuta macho.

"Besi, munyamaze," mwalimu akaamuru. "Tutayimba bila ninyi. Kule hamutafika."

Akaguna do ambayo sijawahi kuisikia kwaya ya watu wazima ikipewa. Tukaanza. Wimbo ulikuwa umepoteza mwanga wake wote. Ulikwenda mzito, wa kahawia, na yule mama wa Kenya, mwenye sauti ya kupasua mawe, aliimba mle ndani ya kifua chake kwa upole ambao hakuna mtu aliyemdhania kuwa nao. Katikati ya mstari wa kwanza mzee alinyoosha kidole. Hakukitikisa. Kilibaki hewani kikifuata kitu, kikapanda nacho kidogo, kikashuka nacho, na pale sauti ile ilipokaa, nacho kikakaa. Alikuwa anaisikia. Nilijua kwa jinsi kidole kilivyotangulia kidogo mbele ya sauti.

Kisha akasimama. Kwao husimama. Akashika mgongo wa kiti, akafungua mdomo, akaingia chini yetu, pale besi waliposhindwa kufika. Miezi yote ile sikujua kwamba sauti ile iko ndani ya mwili niliokuwa nikiuogesha. Ilikuwa imepasuka hapa na pale, lakini ilifika. Mwalimu alisahau kupunga mikono. Mzee aliimba na macho yamefumba, na juu yake akina mama waliibeba ile sauti ya kwanza, na katikati tulikuwapo sisi, watu wa ngazi na watu wa korido, tukiimba zile sauti mbili ambazo hakuna aliyewahi kuziimba jikoni mwake. Pumzi zilipokezana mpaka mwisho.

Kwaya iliendelea kuuimba wimbo ule miaka yangu yote pale, hasa kwenye misiba, na mara zote mwalimu alitoa ile do ya chini. Wageni waliuliza kwa nini wanawake wetu wanaimba kama wanaume. Mara nyingine tuliwaeleza, mara nyingine tuliwaambia ni mafua.

Siku ile tulirudi kwa basi, mimi na yeye, kwa sababu alikataa teksi. Nilikuwa nimejaa furaha na nilitegemea, nakiri, kushukuriwa. Alikaa dirishani, kofia magotini, akitazama maduka yaliyofungwa yakipita. Vituo vikapita. Nikashindwa kuvumilia.

"Mzee, basi ndio huo. Umeusikia wote."

"Umeharibika kabisa," akasema. "Pale chini si mahali pake. Nimevaa koti la mtu mwingine."

Damu ilinipanda. Nilikuwa tayari kumpasha, tena kwa sauti ya kusikika na basi zima, nikikumbuka ile korido na yale makoti. Lakini hakuwa amemaliza.

"Na ile sauti ya kwanza," akasema, "haikuwa yake."

"Ingekuwaje yake, mzee wangu?"

"Sikiliza. Tangu nilipoanza kutosikia juu, napiga noti zake na nakuta mbao tu, bila sauti. Nikaanza kuogopa kwamba hata kichwani nimebaki na noti tu, kwamba yeye mwenyewe ameshatoka. Sikumwambia mtu. Nilitaka wimbo ule uimbwe ili nijue." Alikuwa akizungusha kofia polepole, ukingo baada ya ukingo. "Leo yule mama alipoanza tu, mara moja, nikajua: siyo yeye. Mzuri, lakini siyo yeye. Yeye pale huchelewa kidogo, anaogopa jirani. Nisingekuwa naye bado, ningejuaje?"

Akaegemeza kichwa kwenye kioo, akafumba macho, na midomo yake ikaanza kucheza bila kutoa sauti. Nikamwacha na mkewe mpaka kituo chetu.